Ufunguo wa Nyumba ya Magurudumu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kakamega

Jina: Christine Awinja Osundwa
Umri: Miaka 52
Kazi: Mkulima wa miwa, pia mwenyekiti wa akina mama kanisani
Makazi: Nyuma ya soko la Malava
Lugha: Kiswahili
Yameandikwa: Jumatatu tarehe 22 Julai 1996, saa tatu asubuhi, na Konstebo Kiplagat

Mimi ndiye huyo aliyetajwa hapo juu, mjane wa marehemu Osundwa. Nimeambiwa nieleze jinsi ufunguo wa gari la mzungu ulivyochukuliwa sokoni Malava siku ya Jumamosi, na kwa nini shemeji yangu Shikanga alipatikana nao mfukoni. Afande anataka nianzie Jumamosi. Lakini Jumamosi haieleweki bila binti yangu, kwa hivyo naanza na yeye.

Binti yangu anaitwa Winrose Mideva, ana miaka ishirini na saba, na ndiye kifungua mimba wangu. Katika lokesheni yetu hakuna msichana aliyemfikia, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Mwulize mtu yeyote Malava, hata anayenichukia. Alipomaliza kidato cha nne alienda Malindi kwa shangazi yake akapata kazi katika ofisi ya watalii. Waitaliano walikuwa wakiingia pale wanaongea kwao, naye anawasikiliza tu huku anapanga karatasi. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa anawajibu. Mimi niliachia darasa la nne na nina lugha tatu. Yeye ana tano, na hajaacha kuongeza.

Mwaka jana mama mmoja Mwitaliano, Bi. Ornella, mzee na mjane kama mimi, alimwomba waende pamoja Ulaya kufanya kazi. Bi. Ornella anaandika kitabu cha kuwaelekeza wazungu wanaosafiri na magari ya kulala, kwamba hapa utaegesha, hapa utateka maji, hapa usilale kuna wezi. Anaandika Kitaliano, Winrose anakigeuza Kiingereza. Wanazunguka na gari lao katika nchi za watu wanaosema Kitaliano. Winrose alinieleza kwamba watu hao hawako Italia peke yake, wamevuka mpaka wakaingia hata nchi jirani, kama sisi Waluhya tulivyo na ndugu upande wa Uganda. Kazi yenyewe anaifanya ndani ya gari, kwa kompyuta ndogo inayofungwa kama Biblia. Akimaliza kurasa kadhaa anatafuta nyumba yenye simu, anachomeka waya, na kazi inafika kwa mwajiri wao Uingereza kabla uji haujapoa. Afande, naona umeandika kidogo kuliko nilivyosema. Andika hiyo ya uji.

Watu wa kwetu hawakuikubali kazi hiyo. Jirani yangu Sylvia Namalwa, tunayepakana naye shamba na ambaye watoto wake wote wako nyumbani, aliniuliza mbele ya wanawake pale kisimani kama mtu anafanyanga kazi gari likienda. Nikamwambia gari husimama kwanza. Akasema, "Basi ni msichana anayesimama barabarani." Wanawake wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilibeba maji yangu nikaenda. Hata Shikanga, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye anampenda Winrose kama wake, nilipomwambia gari lina kitanda, jiko na choo, alisema hataki kujua jiko na choo viko umbali gani.

Winrose ananipigianga simu kila Jumapili ya pili, baada ya ibada, katika duka la vifaa la Wanyonyi, kwa sababu ndilo lenye simu karibu na kwetu. Mnamo tarehe 7 Julai, Jumapili, simu ililia kama saa nane mchana. Sylvia alikuwepo, alisema amekuja kununua misumari. Jumapili. Misumari.

Simu ilikuwa na kelele kama ya mahindi yanayokaangwa. Nilimsikia Winrose akisema ni mzima. Nikamwuliza yuko wapi siku hiyo, maana kila akipiga yuko mahali pengine. Akanitajia mahali. Mimi nilisikia Lugari. Nikauliza kwa sauti, "Lugari?" Akasema, "Ndiyo, mama, tumeegesha kando ya maji, na utacheka, watu wa hapa wanakula obusuma, ugali, kama sisi. Lakini ni wa mahindi ya manjano." Kisha simu ikakatika.

Naomba hapa afande anielewe. Lugari si Ulaya. Lugari iko hapa juu kwetu, ukipita Webuye ukielekea Turbo. Ni nchi ya mashamba ya mahindi yaliyokuwa ya wazungu zamani, na mashamba hayo yana mabwawa, kwa hivyo maji yapo. Na mahindi ya manjano sote tunayajua. Ndiyo tuliyopewa mwaka ule wa njaa, yakatuumiza matumbo, na tangu hapo hakuna mtu mwenye uwezo anayeyala. Kwa hivyo nilichosikia mimi ni hiki: mwanangu hayuko Ulaya. Yuko Lugari, kwenye gari la mtu, anakula chakula cha msaada, na anacheka ili nisilie.

Nilimwambia Wanyonyi asante, nikatoka. Sylvia alinifuata mpaka barabarani. Siku ya pili yake aliniamkia ng'ambo ya ua, akaniambia, "Mama Winrose, kumbe Ulaya ni hapo karibu na Turbo. Siku moja tutaenda kumsalimia kwa baiskeli."

Tangu siku hiyo sikula vizuri. Nilianza kukumbuka mambo niliyokuwa nimeyapita. Mbona picha aliyonitumia inamwonyesha mlangoni pa gari na nyuma yake ni nyasi tu? Nyasi ziko kila mahali. Mbona huyo Bi. Ornella sijawahi kusikia sauti yake? Nilimwita Shikanga nikamwambia yote. Shikanga si mtu wa maneno mengi, ni msimamizi wa wakata miwa. Alikaa, akakuna kidevu, akasema, "Shemeji, tusimtangaze mtoto. Tusikilize kwanza." Basi tukawa tunasikiliza.

Alhamisi tarehe 18 Julai alipita kwangu Osiako, mchuuzi wa mahindi anayekwenda Lugari mara kwa mara. Bila mimi kumwuliza alisema ameona kioja huko, nyumba nyeupe ya magurudumu imeegeshwa kando ya bwawa, na mzungu mmoja mrefu anaanika nguo kwenye vioo vyake. Nikamwuliza kama mzungu huyo ana mtu. Akasema aliona mkono wa mwanamke ukimwaga maji dirishani. Nikamwuliza mkono wenyewe ulikuwa mweusi au mweupe. Akasema, "Mama, ulikuwa na povu la sabuni mpaka hapa kwenye kiwiko. Mkono wa povu hauna kabila." Akacheka, mimi sikucheka. Nilimpikia chai akaondoka, nami nikabaki nimekaa.

Sasa nafika Jumamosi tarehe 20 Julai.

Jumamosi kwetu sokoni panajaa. Nilikuwa nauza ndizi mbele ya duka la Wanyonyi. Kama saa nne asubuhi gari jeupe lilikuja kutoka upande wa Webuye, likasimama karibu nami. Lilikuwa refu kuliko matatu, lina dirisha la nyumba na pazia limefungwa. Kwenye dirisha la nyuma ilitundikwa leso nyekundu yenye korosho. Nilimnunulia Winrose leso nyekundu yenye korosho siku alipokwenda Malindi. Leso kama hizo zinauzwa Kenya nzima, sasa nalijua hilo. Siku ile nilijua moja tu.

Mzungu mrefu alishuka akafunga mlango wake taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine. Aliingia kwa Wanyonyi akatoka na glukosi na ndimu. Nilisimama mbele yake. Nilimwamkia kwa heshima, nikamwuliza ametoka wapi. Alikuwa na Kiswahili cha kitabu. Akasema, "Lugari." Nikamwuliza ndani kuna nani. Akatafuta maneno, akasema, "Mke wangu. Anaumwa. Lala."

Nilimtuma mtu amwite Shikanga, aliyekuwa kwa fundi wa baiskeli. Shikanga alipofika nilimwambia Winrose yumo humo, ni mgonjwa, na huyu mtu amesema ni mke wake. Shikanga akamwuliza mzungu jina la mke. Mzungu akataja jina lakini kwa haraka, na watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Mimi nilisikia mwisho wake tu, na mwisho wake ungeweza kuwa jina lolote.

Halafu mzungu alifanya jambo lililotuchanganya zaidi. Alifungua mlango wa nyuma, akateremsha kingazi, akasema, "Karibu, mama. Karibu ndani. Ona."

Afande ni mtu wa Bonde la Ufa, labda kwenu ni tofauti, kwa hivyo naeleza. Kwetu mama mkwe haingii mahali anapolala mume wa binti yake. Kitanda chake hukigusi, hukikalii, hata macho unayageuza. Nyumba ikiungua utasimama uani upige mayowe waingie wengine. Na gari lile ni chumba cha kulala chenye usukani. Nilikuwa naona ncha ya godoro kutoka pale nje. Kama mle ndani yumo binti yangu, basi huyu ni mkwe wangu, na mimi siwezi kupanda kile kingazi. Shikanga vilevile, yeye ni baba yake mdogo. Tulisimama pale wawili, mlango uko wazi, mtoto wetu anaumwa hatua moja kutoka kwetu, na hakuna aliyeweza kuinua mguu.

Watu wasiojua walishangaa. Nilisikia kijana mmoja akisema, "Si ameambiwa aingie? Mbona haingii?" Mzee aliyekuwa karibu naye akamnyamazisha.

Nami nikaingiwa na shaka nyingine. Mkwe gani anamwita mama mkwe kitandani kwake mbele ya soko zima? Ama hajafundishwa, ama anajua kabisa kwamba hatutaingia, ndiyo maana anatukaribisha kwa moyo mweupe hivyo. Nilimwambia Shikanga, "Huyu anatucheza." Shikanga akamwambia mzungu amtoe msichana nje tumwone. Mzungu akatikisa kichwa, akasema hawezi kusimama. Nikaita dirishani kwa lugha yetu, "Winrose, ni mimi mama yako." Ndani mtu aliguna, kama mtu anayetaka kujibu na hana nguvu. Sijui kama afande ana watoto. Mlio ule sitausahau.

Mzungu akaingiwa na wasiwasi kwa sababu watu walikuwa wengi. Alifunga mlango wa nyuma, akazunguka kwenda kwenye usukani. Ndipo nilipomwambia Shikanga maneno haya, na naomba yaandikwe kama nilivyoyasema: "Shemeji, asiondoke na mtoto. Toa ufunguo." Shikanga aliingiza mkono kwenye dirisha la dereva akachomoa ufunguo. Pale mbele kuna viti tu, hakuna kitanda, kwa hivyo mkono wake haukuvunja mwiko. Hakumgusa mzungu wala kumtukana. Alisema anampelekea ufunguo huo naibu wa chifu, naye ndiye atakayeamua gari liende au libaki. Akapanda baiskeli.

Hatukujua kwamba naibu wa chifu alikuwa amekwenda mazishini mbali. Shikanga alimfuata huko huko. Sisi tulibaki sokoni tunangoja, jua linapanda. Mzungu alikuwa akiingia na kutoka na kitambaa cha maji. Alisema maneno mengi ya Kiingereza. Wanyonyi aliyajua baadhi, akaniambia, "Mama Winrose, anasema anataka hospitali." Nikamwambia hata mimi nataka hospitali, lakini kwanza nijue mgonjwa ni wa nani.

Wanyonyi akauliza ni nani hapa asiye na ukoo na msichana, aingie atazame. Watu wakatazamana. Mwenye kuingia kwenye nyumba ya watu na mgonjwa yumo, kesho kukitokea kifo ataulizwa alifanya nini humo. Hakuna aliyejitokeza.

Ni Sylvia aliyejitokeza. Alikuwa amesimama nyuma na kapu lake tangu mwanzo, na nilikuwa nimeshamwona, nikajua anakula sherehe. Aliweka kapu chini, akavua viatu, akapanda. Nilitaka kumzuia. Nilifikiri, kati ya watu wote wa dunia hii, huyu ndiye atakayemwona mtoto wangu akiwa chini. Nilijiandaa kwa neno atakalotoka nalo.

Alikaa ndani muda mfupi. Alipotoka hakuwa na kicheko. Alinijia karibu, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Awinja, si Winrose. Ni mama mzungu, na anaungua na homa. Tukikaa hapa atatufia."

Hajawahi kuniita Awinja tangu tukiwa wasichana.

Sitaficha kitu. Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha kwamba si wangu, na la pili lilikuwa aibu ya ile furaha. La tatu lilikuwa hofu, maana kama hayuko humu, yuko wapi? Lakini hapakuwa na nafasi ya hofu. Gari halikuwa na ufunguo na Shikanga hakujulikana alipo. Wanyonyi alileta pikapu yake. Sylvia na yule mzungu walimtoa mgonjwa, mimi nikampokea chini ya kingazi. Alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Tulimlaza nyuma ya pikapu kwenye magunia, nikaweka kichwa chake kwenye mapaja yangu mpaka Kakamega, na Sylvia alimkinga jua kwa leso ile ile nyekundu.

Hospitalini walisema ni malaria, na kwamba asingestahimili kuchelewa zaidi ya pale. Mzungu, anayeitwa Bwana Hendrik wa Uholanzi, aliniuliza kupitia kwa Wanyonyi kwa nini nimemfanyia vile. Wanyonyi akamweleza kwamba nilidhani binti yangu yumo, na kwamba mama mkwe haingii. Akamweleza mara mbili. Bwana Hendrik alinitazama kama mtu anayetazama noti anayodhani ni bandia. Akasema yeye amelala Lugari siku nne na hakuona msichana yeyote, na kwamba amesoma kwenye kitabu cha wasafiri jinsi wezi wa magari wanavyotunga hadithi. Sikumlaumu. Mimi pia hadithi yangu nisingeiamini.

Shikanga alirudi sokoni jioni na ufunguo, bila naibu wa chifu, akawakuta polisi wakimngoja. Hakukimbia. Aliutoa mwenyewe. Tangu hapo yuko ndani ya kituo hiki. Jumamosi usiku nilimletea chakula na blanketi. Aliniuliza jambo moja tu, "Shemeji, mtoto alipona?" Ikabidi nimwambie kwamba hakuwa mtoto.

Jana Jumapili tarehe 21 Julai nilirudi Malava kungoja simu. Sikwenda ibadani, na mwenyekiti wa akina mama akikosa ibada watu hutafuta sababu. Simu ililia. Alikuwa Winrose. Sikumsalimia. Nilimwambia, "Nitajie hapo ulipokuwa ile Jumapili, herufi moja moja, kama unamfundisha mjinga." Alicheka, halafu akasikia sicheki, akaanza. L, U, G, A. Nikasema hapo tuko pamoja. Akasema N. Nikamwambia rudia. Akasema, "N, mama. N ya Namalwa. Halafu O. Lugano." Mji wa ng'ambo ya mpaka wa Italia, kando ya ziwa, na wenyeji wanasema Kitaliano. Na wale watu wa milima ya huko tangu babu zao wanasonga unga wa mahindi ya manjano, si kwa njaa, ni kwa kupenda. Wanaula na jibini.

Lakini mtu akishaumwa na nyoka huogopa hata kamba. Nilimwambia anipe huyo Bi. Ornella. Akaja kwenye simu mama mwenye sauti ya kukwaruza, akasema maneno mengi nisiyoyajua, na katikati yake akataja Winrose mara tatu, kwa namna ambayo mtu hutaja jina la mtu anayempikia vizuri na kugombana naye. Hapo moyo ukatulia kidogo. Winrose aliporudi nilimwuliza swali la mwisho, kwamba usiku mlango wa hilo gari unafungwa na nani. Nadhani hapo ndipo alipoelewa nilikuwa wapi wiki zile mbili. Akasema, "Naufunga mimi, mama. Kwa ndani." Nikamwambia, "Basi fanya kazi yako."

Nikamweleza habari ya baba yake mdogo. Alilia. Alisema atampigia simu mkuu wa kituo na kuongea naye Kiingereza chake chote. Nikamwambia aache, mkuu wa kituo hajui habari za N, nitakuja kueleza mwenyewe. Ndiyo nimekuja leo na matatu ya kwanza.

Shikanga ameandikwa kwamba aliiba ufunguo kwa nia ya kuiba gari. Nasema si kweli. Hajui kuendesha kitu kisicho na pedali. Mtu anayeiba ufunguo haupeleki kwa naibu wa chifu, hata mazishini, mbele ya waombolezaji wote, waitwe waulizwe. Aliuchomoa kwa sababu mimi, mke wa kaka yake mkubwa, nilimwamuru, naye tangu niolewe na kaka yake hajawahi kukataa neno langu. Kosa ni la sikio langu na mdomo wangu. Mkono wake ulitumwa tu. Kama lazima mtu wa ukoo wa Osundwa alale hapa kwa sababu ya ule ufunguo, mtoeni yeye, niingie mimi. Nimekuja na blanketi yangu, iko pale kwenye benchi, afande umeiona.

Kwa Bwana Hendrik nasema nimekosa, na nitamwambia tena kwa mdomo wangu akikubali kunisikiliza. Kwa mke wake sina maneno. Nimemletea mchuzi wa ingokho uko kwenye chupa ya chai, na kuku mwenyewe alikuwa wa kutaga.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasema, sijapunguza. Kama nimeongeza, nimeongeza sifa za Winrose tu, na hizo ni za kweli.

(Sahihi) Christine A. Osundwa

MAONI YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili naye akakubali ni sahihi, baada ya kudai neno "Lugano" liandikwe upya kwa herufi kubwa. Saa saba mchana mlalamikaji alifika kituoni. Nilimfasiria maelezo haya kwa Kiingereza. Aliuliza mara mbili kuhusu desturi ya mama mkwe, nami nikamthibitishia kwamba hata kwetu sisi Wakalenjin mambo hayo yapo. Alizungumza na shahidi faraghani, kisha akaandika kwamba hataki kuendelea na kesi. Griffin Shikanga ameachiliwa na ufunguo umerudishwa kwa mwenyewe, pamoja na gari lililoletwa kituoni na polisi Jumamosi usiku. Mke wa mlalamikaji ameruhusiwa kutoka hospitalini na amelala garini. Mlalamikaji alijitolea kuwapeleka hao wawili nyumbani Malava. Shikanga alisita kwenye kingazi. Shahidi alimwambia, "Panda, huyu si mkwe wetu," kisha akaona bado anasita, akapanda yeye kwanza na mchuzi wake, akakaa kitandani karibu na mgonjwa.

(Sahihi) Konstebo Kiplagat
22/7/96